Pedi ya Mhina

Pedi zote za kibanda changu,
Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani,
nilizing'oa mota. Zilikula umeme,
na wateja walinuna kwamba zinawasha viganja.

Mhina hakusema kitu.
Alikuja na mia mbili yake, akaishika pedi,
akaitikisa kama anayeamsha mgonjwa,
akanitazama.

Usiku nikaifungua simu mbovu ya marehemu shangazi,
nikatoa kimota, unene wa punje ya mchele,
na ncha yake kichuma kilichokaa upande.
Upogo ule ndio uhai wake:
kingekaa sawa, kisingetetemesha hata unywele.
Nikalehemu nyaya mbili, nyekundu, buluu. Nikafunika.

Kesho yake goli likaingia.
Kibanda kizima kilipasuka kwa kelele, na Mhina,
ambaye kelele hazijawahi kumfikia,
alikwisharuka kabla yetu.

Kisha akaileta pedi, ingali inanguruma,
akanibandika nayo kifuani, kushoto,
akasubiri uso wangu useme
kama nami nimesikia.

Nimesikia.
Simu ya shangazi inaita,
na safari hii
mtu amepokea.