Nani Alilala Hapa

Mimi sikuwa karani wa sensa. Nilikuwa fundi,
nyaya na chaja kwenye begi la shule la mwanangu,
natumwa kwa pikipiki kila kishikwambi kilipozimia.
Agosti hiyo upepo ulikuwa na mchanga,
masikioni, kwenye ugali, hadi kwenye tundu la chaja.

Cha kwanza kiligomea Kongwa.
Karani Nyemo alikwama kwenye mwaka wa kuzaliwa.
Bibi Sechelela hakuujua mwaka, alijua kishindo:
"Nilizaliwa vilipokuja vifaru.
Siyo vya pembe. Vya chuma, vimetoka vitani,
wamevigeuza matrekta vije kutulimia karanga."
Na karanga?
"Ardhi ilikaza, mvua ikagoma, wazungu wakafunga virago.
Nimebaki mimi na haya meno mawili."
Tukapiga hesabu: sabini na mitano.
Kishikwambi kikakubali.

Hombolo sikutaka hata kusimulia.
Nchi imekunja uso, nyasi rangi ya mbwa,
halafu katikati yake zabibu,
vishada vyeusi, vizito,
mavuno ya pili ya mwaka uleule.
Chilongani aliulizwa analima zao gani.
Akanitia kishada mkononi: "Jaza hilo."

Bahi mtu ametundika wavu juu ya mgunga,
na mbuzi wanakula pale alipofunga mtumbwi Aprili.
"Kazi yako?"
"Mwezi gani?"

Farkwa kishikwambi kilikuwa kizima.
Zilizopungua ni herufi.
Jina la mtoto lilianza kwa mdoko wa ulimi,
kijiwe kimedondoka kisimani.
Karani akaandika K, akafuta.
Akaandika T, akafuta.
Mama akalirudia polepole,
kama anayemwonyesha mgeni njia ya kwenda mtoni.
Jua likapanda. Wakaafikiana: Yohana.
Yohana akaitwa mara tatu, hakugeuka.
Mama akadokoa ulimi mara moja tu,
mtoto akaja mbio.

Nililala Kolo.
Alfajiri Isuja, mlinzi wa mapango, akanipandisha mlimani,
mimi nahema, yeye anasimulia habari za ng'ombe wake.
Ukutani kuna watu wekundu, wembamba kama mabua,
nywele zao vichaka,
wawili wamemshika mmoja mikono, wengine wanamvutia kwao.
Wanamwoa? Wanamwiba? Wanamponya?
"Kila mtaalamu na lake," Isuja alisema.
Chini yao kulikuwa na kibuyu cha pombe ya mtama,
povu halijakauka. Mtu alikuja jana kuomba mvua.

Swali la kwanza la fomu nililijua kwa moyo:
nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa?
Nikawatazama wale wekundu.
Kidole changu kilitaka kubonyeza kitu,
na betri nilikuwa nayo, asilimia tisini na moja.
Isuja akacheka:
"Hao acha. Kila mwenye shida hupanda kuwahesabu."

Nikateremka kurudi Dodoma, lami nyeusi, taa mpya,
mji mkuu wenye jina la ajali.
Wazee wa Kigogo husema tembo alikuja kunywa maji,
tope likamla miguu, likamla tumbo,
watu wakapiga yowe: idodomya! Amezama!
Nchi zingine huita miji kwa washindi.
Sisi tumemkumbuka aliyeshindwa kutoka,
na wizara zote tumezijenga juu ya mgongo wake.

Nyumbani mke wangu akaniuliza:
"Na wewe, walikuhesabia wapi?"
Nikafikiri. Kongwa nilipita. Bahi nilipita.
Kolo nililala, lakini aliyeniandika simkumbuki.
Nikalipindua begi, mchanga ukamwagika sakafuni,
mwekundu, mweupe, na ule wa kijivu wa Bahi,
na zabibu moja iliyopondeka.

Mwanangu akalichukua, akalinusa ndani.
"Baba, hili begi linanuka pombe."
Nikamwambia ni zabibu.
Hakuamini.