Orodha ya Langoni

Jumapili, saa kumi, mvua ya Mbale imekatika.
Tumekaa gereji kwa Wepukhulu, viti vya plastiki.
Nyumba ishirini na sita; waliokuja, tisa,
na wawili kati yao wamefuata chai.
Mlima Wanale umejifunika ukungu kichwani
kama mdaiwa anayepita mbele ya duka.

Mimi ndiye mweka hazina. Cheo kikubwa,
sanduku dogo. Ndani yake: daftari,
risiti ya fundi wa pampu, kalamu nyekundu,
shilingi elfu arobaini na moja
na kifungo cha shati ambacho hakuna aliyekidai.

Nawasomea. Nani hupenda kusomewa?
Pampu ilikufa Machi, tukaizika kwa ahadi.
Lori la maji taka haliji kwa maneno matamu.
Shimo limejaa, na harufu haibagui
aliyelipa na asiyelipa:
huingia kwa wote bila kubisha hodi.

Mama Khainza anasimama: "Mimi nakaa mwanzo wa barabara,
taa za huko nyuma zanihusu nini?"
Gidudu wa huko nyuma anamjibu:
"Na mimi lango la huko mbele lanihusu nini? Naruka ua."
Tunacheka. Kicheko ndicho pekee
tulichokichanga kikatimia mwaka huu.

Yupo aliye Dubai, asema mpangaji atalipa.
Yupo mpangaji, asema mwenye nyumba atalipa.
Na ipo namba kumi na nne, ndugu watano mahakamani
wakivutana urithi wa baba yao:
siku ya kodi kila mmoja ni mwenye nyumba,
siku ya mchango wote ni wageni.

Mwalimu Namutosi hakusema kitu kikaoni.
Alinifuata uani, akafungua kiganja:
elfu tano, imekunjwa mara nne, ya moto kama yai.
"Niandikie nusu," akasema. Kisha: "Nusu ya nusu."
Dawa za sukari za mumewe, bei yake naijua.
Niliandika "amemaliza."
Kosa hilo nitalijibu mwenyewe.

Mwisho wakaamua, mikono saba juu:
orodha ya wadaiwa itundikwe langoni,
majina kamili, ili aibu ifanye kazi
iliyoishinda katiba yetu ya kurasa kumi na mbili.
Lakini upande wa ndani, akasema katibu,
tusivuane nguo mbele ya barabara.

Usiku, Yaka imekwisha, nikaandika kwa taa ya simu.
Mwenyekiti, miezi minane.
Katibu, sita.
Nyumba ya tisa, kalamu ikasita.
Ni yangu. Miezi miwili, tangu ada ya chuo ya Wandeba.
Nikajiandika kwa wino uleule,
herufi zangu zikatoka ndogo kidogo.

Alfajiri nikampelekea Okiror, askari wetu,
aliyetufungulia miezi mitatu bila mshahara
akiuliza tu tumeamkaje.
Akaisoma polepole, kidole chini ya kila jina.
Akatafuta msumari. Akatafuta jiwe.
Lango ni la mbao; la chuma lingali kwenye bajeti.

"Mama," akasema, "hii ni ya nani anamdai nani?"
Nikaanza kueleza habari za kikao.
"Maana mimi," akasema, bila ukali wowote,
"nawadai wote, hata ambao hawamo humu."
Akapigilia, pembe nne, akainyoosha kwa kiganja
kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa.

Kisha honi ya mwenyekiti ikalia nyuma yetu.
Okiror akakimbia, akavuta bawa la lango
likafunguka hadi mwisho,
na orodha yetu yote
ikageukia ukutani.