Ukurasa wa Tisa

Daftari hili la mkopo nimelianza zamani,
jalada limekunywa mafuta, kurasa zinanata.
Mfaume Chinduli yupo ukurasa wa tisa.
Mwanzo wake mwepesi: chumvi, kiberiti,
mafuta ya taa robo, wembe mmoja.
Sukari? Kikombe, tena siku ya mgeni.
Kwake walikula ugali wa muhogo na mbaazi,
ming'oko ikipatikana,
na kutoka Kitama hadi hapa Tandahimba
miguu yake ndiyo ilikuwa baiskeli.

Kisha korosho ikapanda bei.
Mnaukumbuka msimu ule,
mtu anaingia dukani noti zimefungwa kwa mpira,
haulizi "bei gani," anauliza "una nini?"
Mfaume akanunua pikipiki,
akanunua ndoo ya mafuta, ile ya njano, lita ishirini,
na kreti ya soda, na nyingine juu yake.
Akang'oa kizibo kwa meno, akasema mbele ya watu:
"Mbaazi tuwaachie wenye shida."
Tukacheka.
Mimi nilicheka kuliko wote, nilikuwa nauza.

Ona mwandiko wangu hapa unavyonenepa:
sukari kilo tatu. Sukari kilo tatu.
Mafuta. Soda sita.
Sukari kilo tano, kaja mtoto.
Kuanzia mstari huu haji mwenyewe, anaagiza.

Sikujua mwili nao una daftari.
Sikujua mle ndani kuna mwenye duka, kongosho,
anayekopesha bila kupaza sauti,
anayeamka usiku na mchana kufungua milango
kila sukari ikipiga hodi,
hata mafuta yakaziba matundu ya kufuli:
funguo anazo, haziingii.
Sukari inabaki nje, njiani, kwenye damu,
na nyumba zinalala njaa
mlangoni pamejaa chakula.
Muuguzi wa Ndanda alimweleza hivyo Somoe, mkewe.
Somoe akanieleza mimi, kaegemea kaunta,
nami nikashindwa pa kutazama,
kila rafu ilikuwa yangu.

Korosho ililipa.
Kongosho ndilo lililodaiwa.

Kiu kwanza. Kisha chooni mara sita usiku,
na sisimizi asubuhi wamepanga foleni pale pale.
Kisha jembe likamkata kidole cha mguu saa mbili
akaja kugundua alasiri,
tena kwa kuwa kandambili ilikuwa inateleza.

Siku ya malipo watu wa afya walikuja ghalani,
meza moja, visindano, pamba.
Nilikwenda kwa mzaha, nimeshika chupa mkononi.
Kumi na nne nukta mbili.
Yule kijana hakunigombeza.
Akafungua daftari, akaandika jina langu,
tarakimu, akapiga mstari kwa rula.
Miaka yote hii nimeandika watu,
sikuwahi kuwa upande ule wa kalamu.

Jana kaja mtoto wa Mfaume,
elfu moja imelowa jasho kiganjani.
"Baba kasema soda. Baridi."
Nikamwambia zimekwisha.
Akanitazama, akatazama nyuma yangu,
wala hakubisha.
Friji lilikuwa linanguruma.