Pumzi ya Pipa

Miaka ishirini na sita Kilindini
nimehesabu magunia ya watu,
ngano ya wenye viwanda, sukari ya wenye vyeo,
kalamu sikioni, daftari kwapani,
na sikupoteza usingizi hata siku moja kwa ajili ya mdudu.
Alikuwa mdudu wa kampuni.

Sasa nina stoo ya futi nne kwa sita
nyuma ya jiko, hapa Tudor,
na fukusi mmoja ndani ya kopo la pojo
anatosha kuniamsha saa nane za usiku.

Tulinunua kwa jumla, Kongowea, mwezi wa Januari,
bei ilipokuwa bado na adabu:
gunia la mchele, nusu ya maharagwe, debe la pojo.
Unga nilikataa. Unga hauna subira,
unga hununuliwa wa wiki mbili.
Kitsao muuzaji akanicheka
nilipozamisha mkono guniani hadi kiwiko,
nikanusa, nikatafuna punje moja.
Punje kavu huvunjika kwa mlio: ta!
Ikibonyea, bado ina maji ya shamba,
na maji ya shamba, katika joto letu hili,
ni kuvu anayesubiri kuzaliwa.

Famau akalipandisha gunia juu ya dari,
tukaumwaga mchele kwenye jamvi.
Jua la kaskazi likaupiga siku mbili.
Kunguru wakaja kukagua kama maofisa wa forodha,
naye mwanangu akawafukuza kwa ndara
huku simu i sikioni,
akiongea na wakala wa mambo ya Doha.

Hatukuutia pipani ungali moto.
Mchele wa moto ukifunikwa hutoa jasho,
na jasho ndilo linaloua ghala,
panya anasingiziwa tu.
Ukalala chumbani usiku kucha, ukapoa.

Hapo ndipo nilipogombana na Mwanamkuu.
Yeye: majani makavu ya mwarobaini,
pilipili, karafuu ndani ya kitambaa,
kama alivyofanya mama yake kule Kuze.
Mimi: mshumaa.
Unauwasha kwenye kisahani, juu ya mchele,
unakaza kifuniko, unakizungushia mpira,
moto unakula hewa mpaka unajifia,
na fukusi, kama yumo, anakosa pa kupumulia.
"Karani," akasema, "waufanyia mtele bathidei?"
Tukagawana. Pipa la kwanza lake, la pili langu.

Nikaandika kwa chaki, kwa mwandiko wa ghalani:
KUINGIA 19/1. WAPAKIAJI: BABA, FAMAU.
Cha zamani hutoka kwanza.
Famau akakikaza kifuniko kwa mikono miwili.
Mwezi wa Machi akaondoka.

Masika yameingia.
Chumvi inalia koponi, viberiti vimegoma,
shati linakaa kambani siku tatu likinuka chura.
Pipa la kwanza tumelila mpaka chini,
hamna hata mdudu. Sikusema kitu.
Mwanamkuu naye hakusema,
kwa sauti kubwa sana.

Leo zamu ya la pili.
Nimeinama, nimeshika, nimezungusha. Wapi!
Aliyekifunga ana miaka ishirini na mitatu,
mimi nina sitini na tisa.
Kisha kikaachia: fyuu,
pipa likavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini,
na baada ya pumzi, harufu:
jua la Januari, jamvi, nta iliyozimika,
na, naweza kuapa, mafuta ya nywele ya Famau.

Nikakirudisha kifuniko. Haraka,
kama karani aliyefungua shehena isiyo yake.

Mwanamkuu alikuwa mlangoni na sinia. Ameona.
"Hewa haipikwi," akasema, taratibu. "Nipa mtele."

Nikampimia vikombe vitatu,
nikashika chaki, nikaandika: VITATU VIMETOKA.
Akatazama sinia, akanitazama mimi.

Nikakifuta kitatu kwa kidole,
nikakirudisha pipani,
nikafunga.