Vipande Ishirini na Saba

Kwenye katalogi yetu kitu hiki kimeandikwa hivi:
MKONO WA KULIA, BINADAMU. PLASTIKI. VIPANDE 27.
HUAZIMWA SAA MBILI. HAUTOKI NJE YA JENGO.

Katalogi haisemi kwamba kipande kimoja ni njegere.

Kilipotea mwaka ule mto ulipoingia ghorofa ya chini,
kile kifupa cha pembeni, penye kifundo cha mkono,
na Marlys Tvedt, mkutubi, hakuwa na bajeti ya mkono mwingine.
Alikwenda jikoni, akapasua pakiti ya supu,
akachagua punje moja kavu, akaipaka rangi nyeupe ya kucha,
akaipuliza, akaitia sandukuni.
"Hata kwa Kilatini," alisema, "kinaitwa njegere."
Kisha akarudi kwenye printa iliyokwama.

Sehemu kubwa ya kazi yetu ni printa iliyokwama.
Na kijana wa uchomeleaji aliyesahau kikokotoo siku ya mtihani.
Na Orville, miaka hamsini na minane,
kiwanda cha matrekta kimefunga lango mbele ya uso wake,
anauliza kipanya hushikwaje,
anauliza akitazama pembeni, nasi tunajibu tukitazama pembeni.
Tunaazimisha kompyuta, chaja, miwani ya kusomea,
na koti moja jeusi la kuvaa kwenye usaili, saizi ya kati:
hakuna mtu katika kaunti hii
aliyeulizwa maswali mengi kuliko koti hilo.

Ofelia Barrientos huja saa moja na nusu asubuhi,
ufunguo ungali mlangoni.
Anatoka zamu ya usiku, kiwanda cha nguruwe ng'ambo ya daraja.
Theluji ya buti zake inayeyuka chini ya meza ya nne.
Usiku kucha ametenga bega na mbavu,
bega na mbavu, bega na mbavu,
kisu kinajua pa kupita bila kujua panaitwaje.
Sasa anafungua sanduku, anapanga vipande kwenye karatasi,
anavitaja kwa sauti ya chini
kama mtu anayehesabu watoto wake gizani.

Somo hilo la mwili wa binadamu
ndilo fupa lililomshinda fisi.
Wengi wametaka uuguzi, wakaishia hapo.
Yeye mwenyewe alianguka mara ya kwanza, kwa alama tatu.
Akalipa karo upya. Hakutueleza alizipata wapi.

Asubuhi moja ya Februari vidole vyake viwili vilikataa kukunjika.
Aliulaza mkono wake kando ya ule wa plastiki,
akaviangalia vyote viwili,
na sikujua ni upi aliokuwa akiusoma.
Marlys, ambaye hutunyima hata kahawa karibu na vitabu,
alileta bakuli la maji ya moto,
akaliweka mezani, akaondoka bila neno.

Mei alifaulu. Kwa alama ngapi, hakusema.
Alirudisha sanduku dakika nne kabla ya wakati,
akagonga kifuniko mara moja kwa kidole,
kidole kimoja kati ya vile viwili.

Kiangazi mafundi walikuja kubadilisha vipasha joto
na nyuma ya cha tatu, ndani ya vumbi na kofia za kalamu,
kikaonekana: kidogo, cheupe, cha kweli,
yaani cha plastiki ya kweli.
Nilikirudisha sandukuni.
Nikashika njegere niitupe,
nikakuta Marlys ananitazama juu ya miwani yake.

Basi nimerekebisha katalogi: VIPANDE 28.
"Na wanafunzi wakihesabu, wakaona kimoja kimezidi?"
"Ndiyo maana kuna kaunta," alisema. "Waje waulize."
Printa ikalia. Akaenda.