Mashapo

Mashudu yana wenyewe.
Kabla mashine haijapoa
wafugaji wameshapanga foleni na viroba.
Mafuta nayo yana wenyewe:
ndoo za njano, midomo imefungwa nailoni,
zinasubiri lori la usiku.
Kilichobaki chini ya tangi ndicho changu.

Cheusi, kizito, kinanata kama deni.
Hakiuziki, hakiliwi, hakikauki.
Misimu sita nilikimwaga nyuma ya ukuta,
hadi vifaranga vinne vya Mama Nyamwanji
vilipokimbia jua la Kibaigwa
vikaingia humo vikidhani ni kivuli.
Alikuja na kimoja mkononi, kimelowa mpaka macho.
Hakugombana.
Alikiweka juu ya mizani yangu, akaondoka.

Ndipo nikamwita Sechelela,
binti fundi, suruali ina saruji magotini.
Wiki mbili alichimba,
akajenga tumbo chini ya ardhi,
akaliachia mdomo mmoja na pua moja.
"Lianze na samadi," akasema.
"Mtoto haanzishwi na nyama."

Nikaomba samadi kwa walewale
wanaonunua mashudu. Walicheka, wakanipa:
kinyesi cha ng'ombe waliokula alizeti yangu.
Ndoo ya samadi, ndoo ya maji,
na maji hapa ni fedha,
foleni ya bomba huanza jogoo hajakohoa.
Nikajifunza kubakiza:
maji yaliyoosha mashine,
maji yaliyoosha watoto.

Siku ya arobaini nikafungua koki.
Ikapiga mluzi, ikanuka yai viza, ikashika.

Pupa ikaniingia.
Kama kikombe cha mashapo kinawaka hivi,
pipa zima je?
Nikamimina pipa zima.

Kesho yake kimya. Keshokutwa kimya.
Harufu ikapanda, kali kama togwa iliyopitiliza;
njiti tisa za kiberiti zikafa mikononi mwangu.
Sechelela akapiga magoti, akanusa mdomo wa shimo
kama mama anavyonusa kitovu cha mwanawe.
"Umelivimbisha.
Humo ndani mna wadudu wasio na meno,
na wewe umewapa karamu ya mafuta.
Tia jivu. Tia samadi. Kisha subiri.
Ukianza tena, kikombe kwa siku."

Jivu.
Nikalifuata kwenye tanuri la mume wangu,
Ndahani, mchoma mkaa,
ambaye tangu jembe la kwanza
hakuwa ameuliza neno.
Alinijazia karai. Akalipigapiga ukingoni
lisipeperuke njiani.

Siku kumi na tisa nilipikia mkaa wake.
Hakunicheka.
Ingekuwa nafuu angenicheka.

Moto ulirudi Jumanne, saa sita mchana,
mdogo, wa buluu, hauonekani juani
mpaka uusogezee mkono.
Nikauficha upepo kwa mgongo wangu.
Sikumwita mtu.
Sufuria ikachemka, na macho yangu makavu:
miaka yote hii nilidhani kupika ni kulia.

Jioni nikasonga ugali wa uwele,
nikaweka mlenda katikati.
Ndahani akala tonge la kwanza, la pili,
akasimamisha la tatu hewani.

"Hauna moshi," akasema.

Nikasubiri amalizie.
Sikujua kama ni sifa au ni tanzia.
Akachovya, akameza, akachovya tena,
akafuta bakuli kwa kidole kama mtoto.

Nje upepo ulikuwa umeinua turubai
juu ya magunia thelathini na mawili
ambayo hakuna aliyeyaulizia wiki hiyo.
Akanawa, akatoka kwenda kulifunga.

Nikasikia fundo la kwanza. Nikasikia la pili.
Kisha sikusikia kitu,
na alikaa huko gizani muda mrefu
kuliko kamba inavyohitaji.