Ndoo ya Bluu

Elinisaa aliniita kwa ajili ya ulimi wangu.
Miaka ishirini na sita niliutumikisha kule kwenye mnada wa kahawa:
kijiko, kikombe cha moto, fyuu!
kisha ndoo.
Kibosho, Kilema, Mwika, Usseri, zote nilizitema.
Nilizijua kama watoto wa jirani,
kwa sauti, bila kulala nazo nyumba moja.

Kiwanda chake ni gereji ya marehemu baba yake,
nyuma ya soko la Kiboriloni.
Matangi mawili, mpira wa maji,
kalenda ya duka la vipuri imekwama Aprili.
"Shangazi, hii inaitwa bia ya India," akasema,
"ila India haijatia mguu humu."
Akamimina. Povu lilipanda na yeye hakulitazama,
alitazama uso wangu.

Nilinusa kwanza. Pua ndiyo hodi.
Ganda la balungi lililobinywa kwa kucha.
Msonobari wa Rongai, unga wa msumeno ungali mbichi.
Embe, ile nyama ya karibu na kokwa, yenye nyuzi.
Na nyuma kabisa, jani la mnyanya
mtu akipita shambani likamsugua suruali.
Nilimtajia moja moja. Aliandika,
mkono ukimtetemeka kidogo.

Kisha nikavuta, fyuu, kama kazini.

Utamu wa kimea ulitangulia, haba,
ukapiga hatua mbili ukageuka.
Uchungu.
Si wa dawa, si wa nyongo iliyopasukia kwenye maini.
Uchungu uliovuta kiti nyuma ya ulimi
ukavua viatu.

Ndoo ilikuwepo. Aliiweka mwenyewe, ya plastiki, ya bluu;
kijana amesoma.
Nikainama.

Na hapo nikamwona mama
ng'ambo ya mfereji, panga mkononi,
anaubandua msesewa gome upande wa mawio tu.
"Ukiuzungusha wote utakufa,
na mbege yetu itabaki uji."
Ulezi ulioota, ndizi zilizochemka mpaka zikasahau umbo,
na mimi napuliza moto, machozi yananitoka.
Nikamuuliza kwa nini tunauharibu utamu.
Hakuinua hata kichwa.
"Tamu tupu ni ya nzi."

Neno moja, chungu:
ladha, na chombo kinachoipika.
Umri wote huu sikuwahi kuona
kwamba hayo mawili yanalala nyumba moja.

"Shangazi? Ni mbaya?"
Mdomo umejaa, nimjibu na nini?
Ndoo inanitazama, nami naitazama.

Nikameza.

Baadaye nilimpa ukweli, maana nauli alinilipia:
uchungu wako una haraka, punguza hopsi za mwanzo,
za mwisho usiziguse.
Na hizo chupa zitoe dirishani, jua litazinusisha kicheche.
Msesewa je, unaujua?
Akasema bibi yake anao nyuma ya zizi.
Hajawahi kuulamba.

Nje, wingu lilikuwa limeachia Kibo kipande kidogo,
kama mwenye nyumba anayechungulia
kama wageni wameshaondoka.
Hatujaondoka.
Nilipokea glasi ya pili,
nikaigeuza ile ndoo kifudifudi,
nikaikalia.